Namna ya kuipunguza orodha ya maombi ya jiji kabla hamjaenda kulobi (kushawishi) serikalini

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nabeba mafaili kwenye msafara wa jiji moja kwenda wizarani, watu tumevaa suti, tuna kijitabu cha rangi chenye maombi 34, kila idara imepewa ukurasa wake ili asinune mtu. Msaidizi wa naibu waziri akakipokea, akafungua ukurasa wa kwanza, akarukia wa mwisho, alafu akauliza swali moja tu: "Sawa, kati ya haya yote, lipi mkilikosa mwaka huu mtaumia?" Meya akasema maji. Mkurugenzi, hata hajamwacha meya amalize, akasema barabara. Yule dada akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake (mpaka leo natamani kujua aliandika nini), na dakika kumi baadaye tulikuwa kwenye lifti kila mtu anaangalia viatu vyake.

Hatukupata hata moja kati ya yale 34. Na hatukustahili kwa kweli, maana tulichobeba hakikuwa vipaumbele, kilikuwa ni kumbukumbu za kikao ambacho hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake hapana. Kwahiyo haya ninayoandika hapa ni kwa yule ofisa aliyeambiwa "tuandalie ajenda ya mambo ya serikali kuu" akapewa wiki mbili na eksel tupu. Kazi yako kubwa sio kukusanya. Kukusanya kila mtu anaweza. Kazi yako ni kukata, na kukata kwa namna ambayo waliokatwa bado watakusalimia asubuhi.

Kabla ya yote, jua jiji lenu lina mamlaka gani

Hii watu wanairuka alafu wanajikuta wanaenda kuomba kitu ambacho wangeweza kukifanya wenyewe kwa sheria ndogo, au wanamuomba waziri kitu ambacho yeye mwenyewe hana uwezo nacho. Jiji karibu kila mahali duniani ni mtoto wa serikali nyingine. Marekani kuna kanuni inaitwa Kanuni ya Dillon, imetokana na jaji wa Iowa, John Dillon, mwaka 1868, inasema manispaa ina mamlaka yale tu iliyopewa na jimbo, na kukiwa na shaka basi haina. Baadhi ya majimbo yamelegeza, yanaruhusu miji ijiendeshe kwa katiba zake, mengine bado yamekaza. Kanada katiba ya 1867 kifungu cha 92 inaweka mambo ya manispaa chini ya majimbo, na ukitaka kujua hiyo ina maana gani kwa vitendo angalia Toronto 2018: kampeni za udiwani zinaendelea, wagombea wameshabandika mabango, serikali ya jimbo la Ontario ikapitisha sheria kupunguza madiwani kutoka 47 hadi 25. Jiji likaenda mahakamani mpaka juu kabisa, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kufanya vile.

Somo hapo kwa mpanga orodha ni kwamba sio kila kipaumbele ni kuomba. Kingine ni kulinda. Kila mwaka jiulize serikali ya juu inaweza kutunyang'anya nini, chanzo gani cha mapato kinatamaniwa, kuna muswada gani unanukia. Nimeona majiji yanaenda na maombi matano mazuri kabisa kumbe wakati huohuo kodi yao ya majengo inahamishwa kwenye muswada mwingine ambao hakuna aliyeusoma.

Kwahiyo chora mistari minne kwenye karatasi: pesa (ruzuku, mkopo, mgao), mamlaka (sheria ibadilishwe ili jiji liweze kufanya jambo fulani), kanuni (waziri au wakala abadilishe taratibu, hii mara nyingi haihitaji bunge hata kidogo na watu wanaisahau), na ulinzi. Kila kitu kitakacholetwa kikikosa kuingia kwenye mmoja wa hiyo minne, sio kitu cha kulobi, ni kazi ya ndani.

Kalenda, kalenda, kalenda

Ukikosea kalenda hata ombi zuri linageuka barua ya kumbukumbu. Serikali kuu ya Marekani mwaka wake wa fedha unaanza 1 Oktoba na rais anatakiwa kupeleka bajeti Congress (bunge lao) kufikia Jumatatu ya kwanza ya Februari. Kenya mwaka unaanza 1 Julai, ila Taarifa ya Sera ya Bajeti inatakiwa kufika bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, kwahiyo anayeenda kulia mwezi wa Mei amekuta sufuria imeshaoshwa. Afrika Kusini ndio utachanganyikiwa zaidi, serikali kuu inaanza mwaka 1 Aprili na manispaa 1 Julai, yaani mnaomba pesa ya mwaka wao ili itumike kwenye mwaka wenu na hiyo miezi mitatu katikati kuna mtu lazima aieleze kwa mkaguzi.

Kali kuliko zote ninayoijua ni Texas. Bunge la jimbo linakaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, siku 140 basi. Miswada inaanza kupokelewa mapema tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, na siku ya 60 ya kikao mlango wa kuleta miswada ya kawaida unafungwa. Kwahiyo jiji la kule likiamka Januari limeshachelewa, na likikosa hapo linasubiri miaka miwili. Ndio maana miji ya kule inapitisha orodha yake miezi ya mwisho ya mwaka kabla ya kikao.

Wewe fanya hivi: andika tarehe ambayo uamuzi unafungwa huko juu. Sio tarehe bajeti inasomwa, hiyo ni sherehe tu. Ni tarehe ambayo mchumi wa wizara anaacha kubadilisha namba. Toka hapo rudi nyuma miezi mitatu kwa ajili ya kukutana na watu, rudi tena miezi miwili kwa ajili ya baraza kupitisha, alafu miezi miwili ya kukusanya na kukata. Utagundua ulitakiwa kuanza jana. Ni kawaida, kila mtu hugundua hivyohivyo.

Kukusanya (hii ni fupi, usiikuze)

Tuma fomu ya ukurasa mmoja kwa wakuu wa idara. Mmoja, sio mitatu. Maswali yangu huwa ni haya: Unataka nini kibadilike? Nani ana kalamu ya kukibadilisha, yaani cheo gani, ofisi gani? Kwa lini? Tusipopata nini kitatokea ndani ya miezi 12? Na sisi tunaleta nini mezani? Ukiona mtu amejaza swali la pili "serikali" basi, mrudishie fomu. Serikali sio mtu. Serikali haina kalamu, katibu mkuu anayo, mwenyekiti wa kamati anayo, mkurugenzi wa mipango wa wizara anayo.

Waulize na madiwani, tena mmoja mmoja kabla hujawaweka pamoja, maana wakikaa pamoja kila mmoja ataongelea kata yake ili wenzake wamsikie. Na waulize wananchi kama mna utaratibu huo, ila usiwadanganye kwamba kila walichosema kitaenda. Mimi huwa nasoma pia mpango wa maendeleo wa jiji wa miaka mitano, ule uliopitishwa na baraza. Kitu kisichokuwemo kwenye mpango wenu wenyewe mnaendaje kumwambia waziri ni kipaumbele? Atawauliza hivyohivyo, na akiuliza mtakosa pa kutazama.

Sasa kukata

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme umepata mambo 50. Unataka yabaki matatu, manne, ikizidi sana matano. Najua kuna majiji yanatoa orodha za kurasa 40 na huwa siwalaumu, nitaeleza chini kwanini kuna nafasi ya kurasa nyingi. Lakini vile vitu ambavyo meya ataviongelea akikutana na waziri kwenye korido vinatakiwa kukaa kwenye vidole vya mkono mmoja.

Duru ya kwanza ni ya mlango. Kila ombi, je serikali ya juu kweli ndio yenye uamuzi? Ukiwa mkali hapa orodha inapungua kwa kasi. Idara ya usafi inataka malori, sawa, lakini je hakuna njia kwenye bajeti yetu? Kama ipo, sio lobi hiyo, ni kikao cha bajeti cha ndani, na mkuu wa idara amelileta huku kwasababu kule alishakataliwa. (Hii inatokea mno. Kuwa mpole nae lakini usikubali.)

Duru ya pili ni ya utayari, na hii ndio inawauma watu kwasababu ndoto nyingi hufia hapa. Mradi wa pesa unatakiwa uwe na eneo lenye hati, uwe na upembuzi yakinifu, uwe na angalau mchoro wa awali, makisio ya gharama yasiyo ya mwaka juzi, na jibu la nani atalipia uendeshaji baada ya kuzinduliwa. Pia mchango wa jiji. Mkono mtupu haulambwi. Barabara nyingi zinazopewa pesa na serikali kuu ya Marekani zina utaratibu wa asilimia 80 kutoka juu na 20 kutoka jimbo au jiji, sasa ukienda huna hiyo 20 unaongea nini? Na hata pale ambapo sheria haidai mchango, weka kitu, iwe ardhi, iwe wahandisi wenu. Ofisa wa wizara ana maombi mia mezani na anatafuta sababu ya kuyapunguza, usimpe sababu hiyo wewe mwenyewe.

Mradi ambao hauko tayari usiutupe. Uwekee faili la "mwaka ujao" na uwaambie idara hasa kinachopungua, mfano "hati ya eneo, makisio mapya", ili mwaka ujao wasilete tena kilekile na matumaini yaleyale.

Duru ya tatu ndio ya alama. Watu wanapenda sana alama, moja hadi tano, unajumlisha unapata mshindi. Mimi natumia alama ila siziamini. Nafunga vigezo vichache tu: ukubwa wa madhara tukikosa, watu wangapi wanaguswa, nafasi ya kushinda mwaka huu, nani mwingine anaunga mkono, na kama kuna dirisha (muswada upo mezani, mfuko mpya umefunguliwa, waziri ameahidi hadharani). Alafu alama zikishatoka naangalia kilichokuwa juu na kujiuliza kama kweli kingekuwa juu bila eksel. Alama kazi yake ni kuanzisha mabishano ya maana, kwanini wewe umempa nne mimi nimempa mbili, tuambiane. Zikianza kuamua zenyewe, idara zitajifunza haraka sana jinsi ya kujipa tano.

Kigezo cha nafasi ya kushinda kina mtego wake. Ukikifuata kama dini utabaki unaomba vitu vidogo ambavyo serikali ingevitoa hata usingeomba. Ukikipuuza utakwenda miaka kumi na daraja lilelile. Mimi huwa nachanganya: viwili vya kushinda mwaka huu, kimoja kizito cha kupanda mbegu, kimoja cha ulinzi. Hicho kizito unakijua mapema kwamba mwaka huu jibu ni hapana, lakini unataka hapana yenye maelezo, maana maelezo ndio ramani ya mwaka unaofuata.

Alafu kuna ombi la mkubwa. Kila jiji lina moja, uwanja, jengo, kitu ambacho meya alikiona safarini akakipenda. Usishindane nalo kwenye kikao cha watu 20. Mpelekee majibu ya fomu ileile ya ukurasa mmoja, faragha, kwa heshima, "mheshimiwa, swali la nne tumekosa cha kuandika, tukisaidiwa kidogo." Mara nyingi linaondoka lenyewe. Mara nyingine haliondoki, na hapo unaandika ombi la mkubwa vizuri uwezavyo na kulinda mengine matatu.

Kuandika ombi lenyewe

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu. Hivi ndivyo idara ya mitaro ilivyoleta (nimebadilisha maneno kidogo): "Kuiomba serikali kuboresha miundombinu ya maji ya mvua ili kukabiliana na mafuriko katika jiji." Isome tena. Nani afanye nini? Waziri akiisoma atasema "tunalifanyia kazi" na atakuwa hajadanganya wala hajaahidi.

Tukakaa na yule injinia, mtu mzuri tu ila anaandika kama mwongozo wa pampu, tukaanza kumuuliza maswali. Mafuriko wapi hasa? Kwenye bonde moja, mitaa sita. Kwanini? Kalvati mbili chini ya barabara kuu ni ndogo. Barabara kuu ni ya nani? Ya wakala wa barabara wa serikali kuu. Ooh! Kwahiyo sio sisi tunaotakiwa kujenga? Hapana, sisi tumeshapanua mtaro wetu juu na chini, maji yanafika kwenye kalvati yanakwama. Saa nzima tumeongelea pesa kumbe ombi sio pesa kwetu kabisa, ombi ni wakala aingize kalvati mbili kwenye mpango wake wa matengenezo wa mwaka ujao. Ikaandikwa hivi: "Tunaomba mkurugenzi mkuu wa wakala wa barabara aingize upanuzi wa kalvati mbili za bonde hili kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka ujao, kabla mpango haujafungwa. Jiji limeshapanua mtaro pande zote mbili kwa pesa yake. Michoro imeambatanishwa." Sentensi tatu. Ina mtu, ina kitu, ina tarehe, ina mchango wetu. Na ni rahisi kukubali, jambo ambalo watu hawalifikirii, unatakiwa umfanye mtu aone kukubali ni kazi ndogo kuliko kukataa.

Kwa kila ombi andaa karatasi moja, upande mmoja. Juu ombi, kati sababu na namba zenu mbili tatu zilizohakikiwa, chini jina la ofisa wa kupigiwa simu ambaye kweli atapokea. Picha moja ikisaidia. Kama ni sheria, ambatanisha maneno kamili ya kifungu unachotaka, usiseme "sheria iboreshwe", andika hicho kifungu kinavyotakiwa kusomeka. Msaidizi wa mbunge ana kazi nyingi, ukimletea kifungu kilichoandikwa ameshakupenda nusu.

Na ujue fomu za yule unayemuomba. Congress ya Marekani ilisimamisha pesa za miradi ya majimboni mwaka 2011, zikarudi 2021 kwa majina mapya na masharti mapya: mbunge wa Baraza la Wawakilishi aliruhusiwa maombi 10 mwaka ule wa kwanza, baadae 15, lazima ayaweke wazi mtandaoni, aonyeshe ushahidi kwamba jamii inaunga mkono, na kampuni za faida haziruhusiwi kupewa. Sasa fikiria mbunge mwenye nafasi 15 na jimbo lenye miji kumi na kitu, vyuo, hospitali, mashirika. Jiji lililomletea maombi tisa limemlazimisha yeye ndio achague, na atachagua linalompa picha nzuri, sio linalowauma nyie.

Kurasa 40 zina nafasi yake pia

Nilisema nitaeleza. Kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavifunga kwenye kijitabu kimoja. Vipaumbele ni vichache, ni vya kwenda kusukuma. Misimamo ni mingi, ni ya kujibu. Bunge likiwa kwenye kikao muswada unaweza kubadilishwa usiku na kamati inasikiliza maoni kesho saa tatu asubuhi, huwezi kuitisha baraza la madiwani usiku ule. Kwahiyo baraza lipitishe mapema misimamo ya jumla: tunapinga majukumu mapya yasiyokuja na pesa, tunaunga mkono jiji kubaki na mapato fulani, tunataka kushirikishwa kwenye mipango ya ardhi, na kadhalika. Hapo ofisa wenu akiona muswada anaangalia msimamo, anaandika barua, meya anasaini, imekwenda. Muswada ambao msimamo haupo, anarudi kwa kamati ndogo ya watu watatu iliyopewa ruhusa. Bila hivyo utakuwa na ofisa anayetunga sera za jiji peke yake akiwa kwenye teksi, nimeshafanya, sio vizuri.

Vipaumbele vipigiwe kura ya wazi na baraza. Hata kama meya ana mamlaka ya kwenda bila kura, piga kura, kwasababu waziri wa chama kingine atampigia simu diwani wa chama chake kuuliza "hii kweli jiji zima linataka?" Na diwani yule akiwa alinyoosha mkono, atasema ndio. Akiwa alipinga, angalau unajua mapema.

Baada ya kura, kila anayekwenda kwenye mkutano anasema yaleyale. Fanyeni mazoezi. Sio utani, kaeni chumbani mmoja awe waziri, ulizeni lile swali la "lipi mkilikosa mtaumia", na wote wajibu kitu kimoja. Nilipokumbuka lile jambo la lifti nikawa nalazimisha hii kila mwaka, kuna mwaka tulirudia mara nne mpaka mwenyekiti wa kamati ya fedha akaacha kutaja stendi ya mabasi.

Kipi mbebe wenyewe na kipi mbebe na wenzenu

Mgao wa jumla, fomula ya kugawa mapato, sheria ya ununuzi, hivi usivibebe peke yako. Ni vya umoja wa miji. Kila nchi ina chombo chake: Kanada wana shirikisho lao tangu 1937, Tanzania ALAT tangu 1984, Afrika Kusini SALGA ambayo katiba yenyewe inatambua serikali za mitaa zilizojipanga pamoja. Mwaka 1932 huko Marekani, mdororo wa uchumi umewakaba na watu hawana kazi, meya wa Detroit Frank Murphy aliwaita mameya wenzake wa miji mikubwa, wakabeba kilio kimoja kwenda Washington, pesa za msaada kwa wasio na kazi, wakati ambapo watu wengi waliona hilo halikuwa jukumu la serikali kuu kabisa. Mwezi Julai mwaka huohuo ikapita sheria yenye dola milioni 300 za kukopesha kwa ajili ya msaada huo. Sio mameya peke yao walioifanya ipite, ila mmoja mmoja wasingesikika hata getini.

Kwahiyo kwenye orodha yako weka alama: hili letu, hili la umoja. La umoja unalipeleka kwenye kikao cha umoja mapema, maana nao wana kalenda yao na wanakata kama wewe. Na kabla hujaenda popote ongea na mji wa jirani. Mkikutana wizarani mnaomba chanzo kilekile cha maji kwa barua mbili tofauti, wizara itafurahi sana kuwaambia mkaelewane kwanza.

Kuhusu kuajiri kampuni ya ushawishi, sina maneno mengi. Marekani ni kawaida, ofisa wa jiji akiongea kwa cheo chake halazimiki kujisajili kama mshawishi ila kampuni iliyokodiwa inalazimika na inaripoti kila robo mwaka nani kaipa shilingi ngapi (dola, unanielewa), kwahiyo waandishi watazisoma hizo namba. England mwongozo wa serikali wa 2011 kuhusu matangazo ya halmashauri unawaambia wasitumie pesa kukodi washawishi wa nje. Angalia sheria ya kwenu. Kampuni inaweza kukufungulia mlango na kukuambia nani amehamishwa ofisi, lakini haiwezi kukuchagulia vipaumbele, na ukiiachia ichague itachagua vile inavyovijua yenyewe.

Mkirudi

Mali bila daftari huisha bila habari. Nina jedwali moja la safu chache tu: ombi, tuliongea na nani, tarehe, alisema nini kwa maneno yake, tuliahidi kumpelekea nini, tumempelekea? Hiyo safu ya mwisho ndio inayofeli. Mnatoka kwenye mkutano mzuri, waziri kaomba takwimu za mitaa sita, mnafurahi, mnakula chakula cha mchana, takwimu zinakwenda baada ya wiki saba. Peleka ndani ya siku tatu hata kama hazijapendeza.

Idara zilizokatwa ziandikie pia, kila moja barua yake fupi yenye sababu, na uiandike kabla msafara haujaondoka, wasije wakasoma kwenye gazeti kwamba ombi lao halikubebwa. Mkuu wa idara ya usafi alininunia karibu miezi miwili kwa ajili ya malori yake. Mwezi wa tatu alikuja ofisini na fomu, swali la pili limejazwa cheo na ofisi, la tano limejazwa vilevile, akaiweka mezani akasema "haya, kata tena." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nikaisoma mpaka mwisho, nikaiweka kwenye faili la yanayokwenda.